Kodi ya volti ndogo kwenye sensa ya pedali ya breki: pima kabla hujanunua

Gari linasimama vizuri, breki zinashika, pedali haijalegea. Ila aliye nyuma yako anakupigia honi kwa hasira, kwa sababu umefunga breki mara tatu na yeye hajaona taa hata moja. Au kinyume chake: umeegesha usiku, umefunga milango, na taa za breki zinawaka zenyewe hadi asubuhi unakuta betri imekwisha. Au unapiga stata, injini inawaka, unakanyaga breki na gia leva inakataa kutoka kwenye P. Ukichomeka skana, ile mashine ya kusoma hitilafu za gari, inakuletea kodi, yaani alama ya hitilafu, C0277, na maelezo yake yanasema volteji ni ndogo au waya umekatika. Kwenye magari mengine hitilafu ya aina hiyo huandikwa P057C.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi nilijifunzia Tanga, sasa naifanya Ohio, Marekani, na wateja wangu wengi ni ndugu zetu wa huku wanaozungumza Kiswahili: Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya. Magari wanayoniletea mengi ni ya General Motors yaliyokwisha tumika miaka kumi na zaidi, Chevrolet Malibu, Cruze, Impala, Pontiac G6, kwa sababu bei yake mtu aliyefika juzi anaiweza. Inaniuma kuona mtu wa kipato cha kubangaiza ananunua betri, kisha balbu, kisha sensa, na kodi ile ile inarudi baada ya siku mbili. Kodi ya volti ndogo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta inaona volti chache mno kwenye waya mmoja. Zimepotelea wapi, hilo ni lako kulitafuta, na kwa mita ya kawaida, skana inayosoma data wakati gari limewashwa, na saa moja ya utulivu, utalijua.

Sensa hii inafanyaje kazi

Kwenye magari ya zamani kulikuwa na swichi ya breki tu. Volti 12 zinaingia upande mmoja, ukikanyaga zinatokea upande wa pili, zinakwenda moja kwa moja kwenye taa. Mwenye balbu na kipande cha waya aliweza kuipima. Magari ninayoyazungumzia hapa hayafanyi hivyo. Juu ya mkono wa pedali, chini ya dashibodi, kuna sensa ndogo yenye nyaya tatu. Waya wa kwanza unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta ya bodi, ile mafundi huiita BCM. Waya wa pili unarudisha umeme kwenye kompyuta hiyo hiyo, ndiyo ethi ya sensa. Wa tatu ni waya wa ishara: pedali ikiwa imeachiwa volti zake huwa chini, kwenye magari mengi niliyopima hukaa karibu na volti 1, na kadiri unavyokanyaga ndivyo zinavyopanda.

Kompyuta ya bodi imekariri volti za pedali iliyoachiwa. Hicho kiwango tukiite nyumbani. Ishara ikipanda juu ya nyumbani kwa kiasi fulani, kompyuta inaelewa kwamba mguu umekanyaga, inawasha taa za breki, na inawaarifu wenzake: kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki). Ndiyo maana hitilafu ya waya mmoja mwembamba inazima kruzi (mfumo wa gari kushika mwendo wenyewe), inafunga gia leva kwenye P, na inawasha taa ya kuzuia kuteleza, vitu ambavyo kwa macho havina uhusiano wowote. Breki zenyewe ni za mafuta na zinaendelea kufanya kazi. Lakini gari lisilo na taa za breki ni hatari kwa waliomo na kwa anayelifuata, kwa hiyo usilichukulie kama kero ndogo ya dashibodi. Na hadi utakapolitengeneza usitumie kruzi kabisa, kwa sababu kruzi inategemea ishara hiyo hiyo ili ijitoe unapokanyaga breki.

Eneo la kazi la ishara ni kati ya robo volti na volti 4.75. Ikishuka chini ya robo volti kompyuta inaweka kodi ya volti ndogo, ikipita 4.75 inaweka ya volti kubwa. Sasa fikiri kabla hujashika spana. Nini kinaweza kuishusha ishara hadi karibu na sifuri? Volti 5 hazifiki kwenye sensa. Au waya wa ishara umekatika, maana kompyuta isipopata kitu kwenye waya huo inasoma sifuri. Au waya wa ishara, au ule wa volti 5, umechubuka na kugusa bodi, yaani chuma cha gari. Au sensa yenyewe imekatika ndani. Waya wa ethi haumo kwenye orodha hii: ukikatika, ishara hupanda kuelekea volti 5, haishuki. Kwa hiyo ukiona kodi ya volti ndogo na mtu anakwambia ni ethi mbovu, muulize kwanza amepima wapi.

Betri ipime, lakini usiinunue kwanza

Neno "volteji ndogo" limewafanya watu wengi wanunue betri. Volti zinazotajwa kwenye kodi hii ni za mzunguko wa volti 5, si za betri. Hata hivyo ipime, kwa sababu betri iliyochoka huzifanya kompyuta zote zitoe kodi ovyo, na utakuwa unafukuza vivuli. Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ukiona 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwa inawaka, altaneta inapaswa kukupa kati ya 13.5 na 14.7. Kama hayo yako sawa, ondoka kwenye boneti, ingia chini ya dashibodi.

Na kama skana imejaa kodi ishirini, ziandike zote kwenye karatasi, zifute, endesha kidogo, kisha soma tena. Zinazorudi mara moja ndizo za kushughulikia.

Dalili zinakuelekeza upande gani

Kwanza tazama taa ngapi zimekataa. Ikiwa ni moja ya kushoto au kulia, hiyo ni balbu au soketi yake, acha kusoma hapa. Ikiwa zote tatu hazijibu, pamoja na ile ya juu ya kioo cha nyuma, na gia leva nayo imegoma, basi kompyuta haipati habari za pedali.

Pili, jiulize hitilafu inakuja lini. Inayokuwepo muda wote, mchana na usiku, ni rahisi: waya umekatika, soketi imechomoka, sensa imekufa. Inayokuja na kuondoka ndiyo inayomaliza pesa za watu. Inayotokea asubuhi ya baridi na kupotea gari likipata joto, au inayoamka ukipita kwenye shimo, au inayotulia ukigonga dashibodi, hiyo karibu kila mara iko kwenye mgusano wa pini ndani ya soketi. Taa zinazochelewa, yaani hadi ukanyage sana ndipo ziwake, ni dalili ya ukoo huo huo: volti zimepungua bila kwisha, kwa hiyo pedali inalazimika kwenda mbali zaidi kabla kompyuta haijashawishika.

Taa zinazowaka zenyewe huwachanganya watu, maana inaonekana kama volti zimezidi. Mara nyingi ni kwamba kompyuta iliifahamu nyumbani wakati mgusano ni mbaya na volti ziko chini, kisha mgusano ukapona kidogo, ishara ikapanda, na kompyuta ikadhani kuna mguu.

Uliza pia historia ya gari. Nani alifunga alamu, kifaa cha kuwasha gari kwa rimoti, au trakka ya kufuatilia gari lilipo? Mafundi wa vifaa hivyo hutafuta waya wa breki chini ya dashibodi na kuudandia kwa vibanio vinavyokata ganda. Nimekuta waya wa ishara umenyofolewa nyuzi zote isipokuwa mbili kwa namna hiyo. Na inua zulia la miguuni. Huku kwetu wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo huingia ndani ya gari na mabuti. Maji ya chumvi na pini za shaba ni maadui. Mombasa au Dar hakuna theluji, ila kioo cha mbele kilichobandikwa vibaya au bomba la maji ya kiyoyozi lililoziba hufanya kazi ile ile.

Vipimo vyenyewe

Anza na skana. Fungua data ya kompyuta ya bodi, tafuta volti za sensa ya pedali ya breki. Ufunguo uwashwe bila kupiga stata. Soma pedali ikiwa imeachiwa, kisha kanyaga polepole sana, hesabu hadi kumi hadi ifike chini, kisha achia polepole vile vile. Namba inapaswa kupanda na kushuka kwa utulivu kama maji kwenye ndoo. Ikikaa kwenye sifuri muda wote una mkato au shoti. Ikipanda vizuri halafu ikaanguka ghafla mahali fulani kisha ikaendelea, andika mahali hapo, tutaparudia.

Sasa chomoa soketi ya sensa. Utalazimika kulala chali kichwa kikiwa kwenye pedali, kwa hiyo sogeza kiti nyuma kabisa. Usiguse soketi za njano, hizo ni za mifuko ya hewa. Angalia pini zote kwa tochi kabla ya jambo lolote: iliyopinda, iliyorudi nyuma, yenye kutu ya kijani. Mara nyingi jibu liko hapo hapo.

Weka mita kwenye volti, pima kati ya pini ya volti 5 na pini ya ethi. Unataka kati ya 4.8 na 5.2. Usiingize ncha nene ya mita ndani ya pini ya kike, utaipanua na kuongeza tatizo la pili. Tumia pini nyembamba. Na ile taa ya kupimia yenye balbu, ambayo sote tumekua nayo, iache kwenye boksi. Balbu yake inavuta umeme mwingi kuliko mzunguko huu unavyoweza kutoa na inaweza kuiunguza kompyuta.

Ukipata 5, safi. Usipopata, hamisha ncha ya ethi ya mita kwenye bodi tupu ya gari. Zikitokea 5 sasa, waya wa ethi wa sensa ndio uliokatika, na kumbuka nilivyosema, huo haukupi kodi ya volti ndogo, kwa hiyo huenda una hitilafu mbili. Zisipotokea, volti 5 haziji: ama waya umekatika njiani, ama unagusa bodi, ama kompyuta haizitoi. Kama kuna sensa nyingine inayolishwa na volti hizo hizo, zichomoe moja moja huku ukitazama mita. Sensa moja yenye shoti inaweza kuwazamisha wenzake wote.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinagawa tatizo vipande viwili kwa dakika moja. Soketi ikiwa bado imechomolewa, skana itaonyesha ishara karibu na sifuri. Chukua kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 3, unganisha pini ya volti 5 na pini ya ishara. Hakikisha ni hizo mbili, soma mchoro wa nyaya wa gari lako, usikisie kwa rangi. Tazama skana. Ishara ikiruka hadi zaidi ya 4.75, basi waya wa volti 5 ni mzima, waya wa ishara ni mzima, na kompyuta inasoma. Kilichobaki ni sensa na soketi yake. Isiporuka, wakati volti 5 umeshazithibitisha, sensa yako haina hatia. Waya wa ishara au soketi ya upande wa kompyuta ndio wenye kesi.

Hapo sasa fungua waya wa hasi wa betri, subiri dakika chache, chomoa soketi ya kompyuta ya bodi, na upime waya wa ishara kwa omu. Kutoka mwisho hadi mwisho usizidi omu 2. Kutoka kwenye waya hadi kwenye bodi mita isionyeshe mwendelezo wowote. Ikionyesha, fuata waya kwa mkono, taratibu, hasa unapopita kwenye kona za chuma na kwenye mkono wa pedali unaocheza.

Mita ikisema sawa na gari likisema siyo

Januari moja, asubuhi ya nyuzi 8 chini ya sifuri, shangazi mmoja alinipigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hili gari limenishinda. Betri nimebadilisha, hicho kisensa nimebadilisha, na bado asubuhi linanigomea. Jana askari kanisimamisha, ananiambia taa za nyuma haziwaki. Na mimi naenda kazini saa kumi alfajiri, barabara ina giza."

Nilipofika nikachomoa soketi ya sensa, nikapima: volti 5.01. Mtu angeishia hapo angesema nyaya ni nzima, alete sensa ya tatu. Lakini mita haivuti umeme wa maana. Waya wenye mgusano mbovu kabisa unaweza kuionyesha mita volti 5 kamili, kwa sababu hakuna kinachotiririka. Sensa ikichomekwa inaanza kuvuta, milliampea chache tu, na hapo ndipo ubovu unapojitokeza.

Kwa hiyo nikairudisha soketi, nikaingiza pini nyembamba kwa nyuma, sambamba na waya, hadi ikagusa shaba, na kupima sensa ikiwa kazini. Volti 5.01 zikawa 3.62. Nikagonga fungu la nyaya kwa kidole upande wa abiria, namba ikacheza, ikaanguka sifuri, ikarudi. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya gari amejifunika khanga juu ya koti, nikamsikia: "Imezima! Imewaka! Imezima!"

Volti moja na ushee ilikuwa inapotea. Wapi? Nikapima waya ule ule wa volti 5 kwa nyuma ya soketi ya kompyuta ya bodi. Pale nako 3.62. Jibu lilikuwa hapo: kama ncha zote mbili za waya zina volti sawa, waya hauna kosa. Upotevu uko kabla ya waya kuanza, kati ya pini ya kompyuta na pini ya soketi. Ningepata 5 upande wa kompyuta na 3.62 upande wa sensa, ningeanza kuufuata waya.

Nilipoichomoa soketi ile pini zilionekana nzima. Hakuna kutu ya kijani, hakuna iliyoungua. Ila nilipoifuta moja kwa kijiti cha pamba, pamba ilitoka na weusi kama wanja. Huo weusi ndio ugonjwa. Pini hizi zimepakwa bati. Gari likitetemeka, pini ya kiume na ya kike husuguana kwa mwendo mdogo usioonekana, bati linakwanguka, vumbi lake linashika hewa na kuwa ganda jeusi lisilopitisha umeme. Kwenye waya wa taa kubwa ya mbele ganda hilo lingechomwa na wingi wa umeme. Kwenye mzunguko wa milliampea linakaa raha mustarehe.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Betri ifunguliwe, pini zisafishwe kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia migusano ya umeme, zikauke, zipakwe grisi ya silikoni ya soketi za umeme kwa wingi wa kutosha kuzuia hewa na unyevu, kisha fungu la nyaya lifungwe kwa kamba za plastiki lisiweze kutikisika. Hilo la kufunga usiliruke. Ukisafisha tu na kuacha nyaya zinaning'inia, msuguano unaanza upya siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mita ilisoma 4.98 sensa ikiwa imechomekwa, na sikuweza kuizima kwa kugonga popote.

Kabla hujalipa mtu, angalia kama gari lako limeitwa

Ugonjwa huu hasa uko kwenye rekodi za wazi. Mei 2014 General Motors iliyaita gereji magari yapatayo milioni 2.4 nchini Marekani: Chevrolet Malibu za 2004 hadi 2012, Malibu Maxx za 2004 hadi 2007, Pontiac G6 za 2005 hadi 2010 na Saturn Aura za 2007 hadi 2010. Sababu iliyotajwa ni ukinzani unaoongezeka kwenye soketi ya kompyuta ya bodi kutokana na kutu ya msuguano, na athari zake ni hizi hizi tulizozipitia: taa za breki kuwaka bila kukanyagwa au kukataa zikikanyagwa, kruzi, gia leva, mfumo wa kuzuia kuteleza. Tiba ni kuweka kipande cha kuzuia fungu la nyaya lisicheze, kupaka grisi ya soketi, na kuifundisha kompyuta nyumbani ya pedali upya.

Matengenezo ya wito huo ni bure. Chukua namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani. Kama gari lako halijafanyiwa, wapigie wauzaji rasmi wa General Motors na uwape namba. Wengi wetu tumenunua magari haya mkono wa tatu au wa nne, barua ya wito ilikwenda kwa mwenye gari wa zamani, na hatukuwahi kujua.

Sensa ikiwa ndiyo mbovu kweli

Inatokea, sikatai. Ndani yake kuna njia nyembamba inayosuguliwa na kidole cha chuma, na sehemu inayochakaa kwanza ni ya mwanzoni, kwa sababu mguu wa dereva hukaa hapo maisha yake yote. Ndiyo ile namba iliyoanguka ghafla ulipokuwa unakanyaga polepole. Ikiwa inaanguka mahali pale pale kila mara, bila kugusa nyaya, badilisha sensa. Ikiwa inaanguka ukitikisa waya tu, bado uko kwenye soketi. Kagua pia kama imekazwa. Sensa iliyolegea kwenye kishikizo chake, au mkono wake wa plastiki uliopasuka, huenda na pedali nusu njia kisha inabaki.

Kompyuta ya bodi iwe ya mwisho kabisa kushukiwa. Nyingi ninazoletewa zikisemwa zimekufa zilihitaji pamba na grisi.

Usisahau kuifundisha

Ukibadilisha sensa au kompyuta, au ukitengeneza mgusano uliokuwa unapunguza volti, nyumbani ya zamani si nyumbani tena. Kwa skana yenye uwezo huo ingia kwenye kompyuta ya bodi, chagua usawazishaji wa sensa ya pedali ya breki, gari likiwa kwenye P na ufunguo umewashwa. Mguu uwe mbali. Nimeona fundi akiifundisha huku amepumzisha kiatu juu ya pedali. Kompyuta ikaamini pale ndipo pedali inapoishi, na taa zikawa zinawaka pedali ikiwa imekwenda mbali sana. Zulia lililosukumwa hadi chini ya mkono wa pedali nalo hufanya hivyo hivyo, litoe kwanza.

Kwa wenye Toyota za haibridi, Prius na Aqua zilizojaa Nairobi na Dar: utaratibu huu usiupeleke huko kama ulivyo. Sensa ya mwendo wa pedali kwenye magari hayo ina ishara mbili, moja inapanda na nyingine inashuka unapokanyaga, na kompyuta inazilinganisha. Tena pale breki zenyewe zinaongozwa na kompyuta, si taa tu. Kanuni ya kupima kifaa kikiwa kimechomekwa ni ile ile, ila kazi yenyewe mpe fundi mwenye mashine ya gari hilo na anayejua kusawazisha sifuri ya sensa baada ya kuigusa.

Ukimaliza, futa kodi, rudisha gari kinyumenyume hadi karibu na ukuta jioni, kanyaga breki kidogo kabisa kwa ncha ya kiatu. Ukuta uwe mwekundu mara moja. Achia, uwe mweusi mara moja. Kisha liache gari lilale nje usiku mzima, na urudie alfajiri likiwa baridi kabla hujapiga stata, kwa sababu hitilafu ya mgusano hupenda kujificha mchana.